Ameipenyeza kadi yangu ya kusomea kwenye kisanduku cha sindano, mbele ya mgonjwa

Binti wa Arua (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nimetoka wodini sasa hivi, koti bado ninalo mwilini, na mikono inanitetemeka kiasi kwamba sentensi hii nimeiandika mara tatu. Bingwa wa wodi yetu sitamtaja, wala hakuna haja, kwa kuwa kila aliyepita katika wodi yetu anamjua: ndiye yule ambaye raundi yake huanza saa moja kasorobo na kuendelea mpaka mgonjwa wa kitanda cha kwanza amekwisha kupona, amekwenda nyumbani, amevuna mihogo na kurudi kliniki. Leo mtu huyo ameichukua kadi yangu ya kusomea, akaikunja mara mbili, akaipenyeza kwenye tundu la kisanduku cha sindano.

Niko mwaka wa pili wa ubingwa wa magonjwa ya ndani, karo najilipia mwenyewe, na mwezi ujao nafanya Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya Marekani. Kadi zangu nazikata kutoka maboksi matupu ya dawa ya ceftriaxone, kwa sababu karatasi yake ni ngumu, haichakai upesi mfukoni, na upande wa ndani hupokea wino vizuri. Nabeba kumi tu kwa siku, nikizisoma kwenye foleni ya maabara au ndani ya taksi kutoka Bwaise, hapa Kampala. Leo nilipoinama kukagua mshipa wa shingo wa mzee mmoja, kadi moja ilidondoka. Ilikuwa ya ugonjwa wa Von Gierke: mtoto mwenye ini kubwa, sukari inashuka akikaa bila kula, lakteti iko juu, kimeng'enya cha glukosi-6-fosfatezi hakifanyi kazi. Bingwa aliiokota kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mfu, akaisoma kwa sauti mbele ya maintani (madaktari wa mafunzo) wanne na sista mkuu, kisha akamgeukia mzee, ambaye ni askari mstaafu kutoka Koboko, akamwambia kwa Kiswahili: "Daktari wako huyu ameshapanda ndege. Hapa umebakiwa na koti tu." Ndipo akaikunja. Mara mbili. Ndipo akaipenyeza.

Kisanduku cha sindano, ndugu zangu! Humo kitu kikiingia hakitolewi tena kwa mkono wa binadamu, kinangoja kuchomwa moto. Angeitupa sakafuni ningeinama nikaiokota. Angeirarua ningeiunga kwa plasta. Yeye alilichagua tundu lile, huku akinitazama usoni.

Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa ya siku tatu tu. Nimelipia mtihani huo zaidi ya dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 na nusu za Uganda, fedha nilizozichuma kwa zamu za usiku katika kliniki za watu. Dirisha la kuufanya ni miezi mitatu, na mtu haruhusiwi kuujaribu zaidi ya mara nne. Ni maswali yanayofika 280 kwa siku moja ya saa nane. Biokemia, yaani kemia ya mwili kama ile ya kadi yangu, niliisoma nikiwa mwaka wa kwanza wa chuo, siwezi kuikumbuka kwa maombi. Wodini sijawahi kukosa zamu hata moja, na yeye anajua.

Raundi ilipokwisha mzee alinishika mkono akaniuliza, "Daktari, unaniacha lini?" Nilimjibu kwamba siendi popote leo, na wakati namjibu kadi yangu ilikuwa imelala juu ya sindano alizochomwa yeye.

Daktari wa Zamu

Pole sana, dada. Huyo tunamjua hata sisi tuliokwisha kuondoka. Mimi alinikuta saa tisa usiku, wodi imetulia, nikisikiliza mhadhara kwa spika ya sikio moja, sikio la pili nimeliacha wazi kwa ajili ya wagonjwa. Alinipangia wikiendi nne mfululizo na kuniambia kwamba ubongo wangu ni mali ya wodi. Laiti angeweza, angeniandikia ruhusa ya kuota ndoto.

Mzee wa Mbale

Binti, umetulilia aya tano kwa ajili ya kipande cha boksi la dawa. Tangu Januari 2022 mtihani huo hautoi alama, ni kufaulu au kufeli basi, kwa hiyo kadi moja ya Von Gierke haitakuzuia kupata viza. Mtihani wenye alama ni Step 2, hifadhi machozi yako huko. Tena mgonjwa aliyelala pale anastahili daktari mzima, si nusu yake mfukoni na nusu kitandani.

Binti wa Arua

Mzee wangu, kwa heshima zote, aliyemgawa daktari nusu mbele ya mgonjwa si mimi. Kadi ilikuwa mfukoni, sikuwa nikiisoma. Narudia ili ieleweke: aliikunja mara mbili. Kunja ya kwanza ningeweza kuiita hasira. Ile ya pili ilikuwa ya kuhakikisha kwamba inapita kwenye tundu.

Sista wa Wodi

Mimi nitasema kuhusu kisanduku, kwa sababu hakuna anayekihurumia. Kisanduku kile ni cha sindano na vitu vyenye ncha kali tu, na kikifika robo tatu tunakifunga. Bingwa anatia karatasi, intani anatia glavu, na mimi ndiye ninayezunguka wodi tatu kutafuta kingine. Na ninyi madaktari wa mitihani, sindano mnazoziacha shukani mnamwachia nani? Mwenzangu alichomwa mwezi uliopita akitandika kitanda, akameza dawa za kinga siku 28 huku akitapika.

Safari ya Manchester

Afadhali ninyi mnaoombwa biokemia. Mimi nimechagua Uingereza, na kabla ya kuyafikia maswali 180 ya PLAB 1, mtihani wao wa kwanza wa leseni, nilitakiwa kuthibitisha kwamba najua Kiingereza. Nimefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, nimepigwa viboko kwa kuongea lugha ya mama yangu shuleni, ripoti za wagonjwa naziandika kwa Kiingereza kila siku ya Mungu. Kwenye IELTS, mtihani wa Kiingereza, wanataka wastani wa 7.5 na si chini ya 7 katika kila sehemu. Nikapata 6.5 kwenye kuandika! Viboko vile nirudishiwe na nani?

Daktari wa Zamu

Mkuu, hilo la 6.5 lilinipata na mimi, kwenye kuandika vilevile. Nilifanya OET badala yake, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ambao kuandika kwake ni barua ya kumhamisha mgonjwa, jambo ninaloliandika hata nikiwa nimelala, nikafaulu mara ya kwanza.

Safari ya Manchester

Tafadhali nielekeze ulivyojiandaa, hata kwa ujumbe wa faragha. Nimebakiwa na akiba ya jaribio moja tu.

Mkazi wa Ntinda

Ninyi nyote mna umeme. Kwetu jana ulikatika saa mbili usiku nikiwa swali la 31 kati ya 40, simu niliyokuwa nikichukulia intaneti ikazima, na benki ya maswali ya mazoezi mtandaoni ikahesabu kwamba nimeyaacha tisa kwa hiari. Mwenye kujua mahali pa kusomea penye jenereta karibu na Wandegeya aniandikie, mtihani wangu ni baada ya siku 19.

Sista wa Wodi

Kuna chumba cha chai nyuma ya wodi yetu kinachotumia laini ya jenereta ya chumba cha wagonjwa mahututi. Njoo baada ya saa tatu usiku, na uje na majani yako ya chai.