Ndege ya kujiundia, mabawa yametolewa: kontena, banda la bati au ghala la mjini? (Mwanza)

Rubani_Kisesa
Wakuu, habari za jioni. Mimi na binamu yangu tuna RV-12, ile ya alumini ya viti viwili inayokuja vipande vipande ukaiunganisha mwenyewe. Binamu anaenda masomoni, mimi kazi inanihamishia Dodoma, kwa hiyo itakaa bila kuruka hadi masika yaishe. Hanga tuliyokuwa tunachangia na wenzetu nafasi imekwisha, na kuiacha nje ikiwa na mabawa yake, kwa zile radi na upepo unaotoka ziwani usiku, sithubutu.

Mabawa hayasumbui kutoa. Unachomoa pini mbili za boriti kuu ukiwa ndani ya ndege, watu wawili wanavuta bawa nje, na matenki hayako kwenye mabawa, kwa hiyo hakuna mpira wa mafuta wa kufungua. Swali ni pa kuviweka. Tuna kiwanja Kisesa chenye mlinzi. Nachagua kati ya kontena la futi 40, kujenga banda la bati hapo hapo, au kupanga kona ya ghala Nyakato. Naombeni mawazo ya watu waliowahi kuhifadhi.

FundiBati
Mkuu, kabla hujalipia kontena chukua futi kamba. RV-12 ina kimo cha kama mita 2.5 ikisimama kwa magurudumu yake. Mlango wa kontena la kawaida ni kama mita 2.28 kwenda juu. Haiingii. Utafute lile lililoinuka zaidi kwenda juu, mlango wake unafika karibu mita 2.58, na hapo utapita kwa tahadhari. La futi 20 lisahau kabisa, ndani lina mita 5.9 na mwili wa ndege yako ni mita 6 na kidogo. Kile kipande cha mlalo cha mkia kipime pia, maana upana wa ndani ni mita 2.35 tu.

Ndege ikishaingia, mimi nalipigia kura kontena. Wizi. Huku kwetu alumini ni pesa, wanunuzi wa vyuma chakavu hawaulizi bawa limetoka wapi.

Mama_Ilemela
FundiBati kaka yangu, kwa wizi nakubaliana nawe, kwa unyevu hapana. Kontena likifungwa linapikika mchana, hewa ya ndani inabeba unyevu wote wa mbao za sakafu, usiku bati linapoa na maji yanajikusanya darini kisha yanadondoka. Wanaohifadhi mahindi kwenye makontena wanalijua hili vizuri. Sasa weka hapo bawa lenye maelfu ya riveti, kila kiungo kikinyonya tone lake kuanzia Machi hadi Mei.

Bahati yetu maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi. Ndege hiyo hiyo ingekuwa Dar au Tanga ningekuwa na wasiwasi mkubwa zaidi. Lakini unyevu tu unatosha kula alumini pale ambapo bati mbili zinagusana na hewa haipiti.

Mimi ningejenga banda: paa la bati lenye kibaraza kirefu, kuta zisifike juu kabisa, pale juu uache nafasi ya hewa uizibe kwa wavu wa mbu. Si nyavu ya dagaa, matundu yake nyigu anapita.

Rubani_Kisesa
Asante dada. Nyigu wanahusikaje?

Mama_Ilemela
Wanahusika sana. Nyigu wa udongo anatafuta tundu lolote dogo ajenge kiota, na ndege imejaa matundu. Mrija wa pitoti, ule unaosoma kasi, kwenye RV-12 umepita katikati ya pua ya propela, kwa hiyo hata ukitoa mabawa wenyewe unabaki pale pale. Mwaka 1996 ndege ya abiria ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata, watu 189 wakafa, na wachunguzi waliona chanzo kinachoelekea zaidi ni mrija wa pitoti ulioziba, wakawashuku nyigu hao hao. Ile ilikaa chini bila kufunikwa siku chache tu, wewe unazungumzia miezi.

Funika pitoti, matundu ya hewa tuli ubavuni (yale yanayopima shinikizo la hewa), tundu la kupumulia la tenki na bomba la moshi. Kila kifuniko kiwe na utepe mwekundu mrefu, na idadi yake iandikwe kwenye karatasi uibandike juu ya usukani. Tena usizibe kwa pamba wala tambara, vinabaki ndani.

Mzee_wa_Nyamagana
Wanangu, ghala la Nyakato mnalipita haraka, na mimi nataka mlipite haraka zaidi. Maghala ya mjini yana nafaka, mashudu, wakati mwingine dagaa. Panakuwa na panya. Mkojo wa panya unatoboa alumini nyembamba polepole, na akishaingia ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi hutamtoa. Halafu mwenye ghala anaweza kuhamisha vitu vyako usipokuwepo, bawa likaegemezwa ukutani na gunia likawekwa juu yake. Ghala hapana.

Rubani_Kisesa
Shikamoo mzee, nimekupata. Ghala nimelifuta.

Mzee_wa_Nyamagana
Marahaba. Na pale kiwanjani fuga paka, ila asiruhusiwe kulala juu ya mwili wa ndege. Kucha zake na kioo cha juu haviendani.

Tom701
Nina Zenith CH 701, ndege nyingine ndogo ya kujiundia, si RV, lakini suala la mabawa ni lile lile, kwa hiyo nizungumzie mabawa yenyewe kwa sababu naona wengi mnajadili paa tu.

Bawa halilazwi. Ukililaza kwenye sakafu bati la chini linabonyea, na mtu atakanyaga. Linasimamishwa kwa ukingo wake wa mbele, ndani ya stendi ya mbao iliyokatwa kufuata umbo lake, na stendi zikae chini ya mbavu (vile vipande vya ndani vinavyolipa bawa umbo), zisikae katikati ya mbavu mbili ambapo hakuna kinachobeba uzito. Juu ya mbao weka kipande cha zulia kikavu. Sponji ya godoro usiweke, inanyonya maji na kuyashika pale pale palipogusana na bati.

Usiliache ligusane na saruji hata kidogo. Saruji ikilowa inatoa magadi yanayokula alumini, utakuta alama nyeupe za unga. Vilevile lisilale juu ya chuma, alumini na chuma vikiwa na unyevu kati yao alumini ndiyo inayoliwa.

Mbao zetu hizi mchwa wanazipenda. Wengi wanapaka oili chafu miguuni mwa stendi, na inafaa, ila iishie miguuni, isipande hadi kwenye zulia.

Zile pini mbili zipake grisi nyepesi, uzifunge kwenye mfuko wenye jina, mfuko ufungwe ndani ya ndege. Zisikae nyumbani kwenye droo. Mwisho wa boriti unaochomoza kwenye bawa uvalishe kanvasi. Turubai la nailoni halifai, linafunika jasho ndani.

FundiBati
Hapo kwa mabawa nimesalimu. Je, mabawa kwenye kontena lililotobolewa madirisha ya wavu, na mwili kwenye banda? Mabawa ndiyo mepesi kuibwa.

Tom701
Likitobolewa pande zote mbili, likainuliwa juu ya matofali na kuezekwa kivuli cha makuti, sina pingamizi. Lakini hapo umeshajenga banda mara mbili.

Mama_Ilemela
Kwa injini, naomba sana: msimwambie mlinzi au ndugu awe anaiwasha kila Jumapili "ili isigande". Rotax 912, injini ya RV-12, ikiwashwa dakika chache chini haipati joto la kutosha. Maji yanayotokana na kuungua kwa mafuta yanabaki kwenye oili, na hayatoki mpaka oili ifike kama nyuzi 100. Bora umwage oili ya zamani ikiwa ya moto baada ya ruko la mwisho, uweke mpya, umwage petroli kwenye tenki na vikombe vya kabureta, utoe betri. Na petroli isibaki humo bandani.

Rubani_Kisesa
Nimeamua. Banda Kisesa, kuta za bati zenye wavu juu, mlango wa chuma wenye kufuli mbili, mabawa kwenye stendi za Tom. Fundi anaanza kumwaga zege Jumatatu. Tom, ukingo wa bawa la RV umbo lake nalichukuaje bila kulikwaruza?

Tom701
Kwa kadibodi. Kata kidogo kidogo ukijaribisha kwenye ubavu wa mwisho hadi ikae, kisha ichore kwenye mbao na uache nafasi ya unene wa zulia. Zege nalo liache likauke vizuri kabla hujaingiza chochote, zege bichi linatoa unyevu kwa wiki kadhaa. Na siku ya kurudisha mabawa, andika kwenye daftari la ndege, muite mtu wa pili akague pini na mwendo wa usukani kabla hujawasha.