"Delusionally": kweli nimwandikie hivi mama wa Buhene?

Binti Majengo, Goma

Jambo wote. Natafsiri kwa Kiingereza ushuhuda wa watu waliokimbia mlipuko wa volkano ya Nyiragongo usiku wa 22 Mei 2021. Mama mmoja wa Buhene anasema: "Niliona mbingu nyekundu, nikazania ni Nyamulagira, nikarudiya kulala." (Nyamulagira ni volkano jirani.) Halafu jirani akagonga mlango: lava imeshafika barabara ya Rutshuru.

Programu ya kutafsiri imenipa "she delusionally went back to bed". Sarufi sioni kasoro, ila neno lenyewe limenikwama kooni. Niliache, niweke "mistakenly", au kuna lingine? Kwa Kifaransa ningeandika "à tort" nikaenda kupika.

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Binti yangu, lifute haraka. Limetoka kwenye "delusional", neno la madaktari wa akili: mgonjwa ameshikilia jambo, na hata umwekee ushahidi mbele ya macho haliachii. Mitaani hulitumia kumcheka mtu anayejidanganya, mfano mgombea asiye na kura anayeshonesha suti ya kuapishwa. Sasa huyo mama amejidanganya wapi? Nyamulagira hulipuka mara kwa mara, na kwa kawaida lava yake huishia ndani ya mbuga ya Virunga bila kugusa Goma. Watu wa kwenu wameuzoea wekundu ule. Wanautazama, wanaingia ndani. Alifikiri kama mtu mwenye akili timamu, mlima ndio haukuwa ule. "Deludedly" nalo liache, lina kejeli ndani yake.

Kuhusu "mistakenly", hapo ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakinimaliza. Angalia unaliweka wapi. Ukiandika "she mistakenly went back to bed", msomaji anaona miguu imekosea njia, kama abiria aliyetaka boti ya Goma akajikuta kwenye ile ya Idjwi. Kifaransa kimewatenga hao wawili: "par erreur" ni ya abiria, "à tort" ni ya mama. Kiingereza kimebebesha neno moja mizigo yote miwili. Basi libandike kwenye kudhani, usilibandike kwenye kulala: "mistakenly believing it was Nyamulagira, she went back to bed". "Wrongly" nalo linakubali pale mbele ya kudhani, lakini likisogea kwenye kulala linanuka lawama, kana kwamba kulala ni dhambi.

Kama karatasi ni ya mahakamani, "under the mistaken impression that" ni refu kama treni ya mizigo lakini halimtukani mtu.

Mtu wa Kenya (komini, si nchi), Lubumbashi

Mwalimu, kwa heshima zote, mimi ningeondoa kielezi chote. Mama hakusema kwamba alikosea. Alisema nikazania, basi. Hiyo "kumbe" imeletwa na jirani. "I thought it was Nyamulagira, so I went back to bed." Sentensi inayofuata ina lava barabarani, msomaji wa London ataelewa mwenyewe. Ukitia "mistakenly" mapema, umeshamwambia kitakachotokea kabla mlango haujagongwa.

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Kwa maneno ya mama mwenyewe, nakubali, asitiwe kitu mdomoni. Lakini binti akiandika muhtasari kwa nafsi ya tatu, hana jirani wala mlango, ana mstari mmoja tu. Hapo hiyo kumbe yako ataiweka wapi bila kielezi?

Binti Majengo, Goma

Asante papa Mwalimu, asante yaya wa Lubumbashi. Ushuhuda unabaki na "I thought", muhtasari unapata "mistakenly believing".

Nina mwingine. Tarehe 27 Mei gavana alipoamuru kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za Goma zihame, na yetu ikiwemo, mzee mmoja alivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, akiamini lava itatokea chini ya mji. Haikutokea. Naye ni "mistakenly"?

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Hapana. Magma ilikuwa imepita chini ya mji kweli, hadi chini ya ziwa, ndiyo maana amri ikatolewa. Mzee hakuwa na imani ya uongo, alikuwa na hofu yenye sababu. Mwandikie "fearing", kielezi usimpe.