Mpwa wangu ana uvimbe kwenye shina la ubongo: tuuze nyumba twende India, au aanze mionzi Dar?

Mjomba_Makorora
Habari zenu wakuu, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri. Wenye mizaha leo mnipite tu.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ana miaka 6. Baada ya Idi alipata makengeza ghafla, tukadhani ni macho tu. Halafu akaanza kuyumba akitembea, bega la kushoto linagonga fremu ya mlango kila akipita. Akicheka, mdomo unakwenda upande mmoja. Siku hizi hata maji yanampalia. Bibi yake akasema mtoto kachezewa, akafukizwa, akanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya aya. Hospitali ya Bombo hapa Tanga wakatuandikia rufaa kwenda Dar, akapigwa MRI. Jibu: uvimbe kwenye shina la ubongo, haupasuliwi, aanze mionzi.

Sasa familia imegawanyika. Shemeji anataka tuuze nyumba ya Ngamiani tumpeleke India "wakautoe". Bibi anasema kama hospitali hawawezi kuutoa, basi si ugonjwa wa hospitali. Mimi niko katikati, na dada yangu hali wala halali. Kwa nini hautolewi? Na hiyo mionzi inaponya?

Chumvi_ya_Mwambani
Pole sana mkuu. Ngoja waje wajuzi.

Nesi_Mstaafu
Pole mwanangu. Nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi, nitakueleza ninavyojua, ila mwenye picha za mtoto ndiye mwenye neno la mwisho.

Shina la ubongo ndilo linalounganisha ubongo na uti wa mgongo. Ni padogo, lakini kupumua, mapigo ya moyo, kumeza, kugeuza macho na mishipa ya uso vyote vina makao hapo, na njia za fahamu za kutembea zinapita humo humo. Ndiyo maana mtoto wenu ameguswa macho, mdomo, miguu na koo kwa mpigo. Ukiona hayo yamekuja pamoja ndani ya wiki chache, si suala la miwani.

Sasa, uvimbe wa hapo si wa aina moja. Upo unaokaa sehemu moja na una mipaka, huo mara nyingine daktari wa upasuaji anaweza kuufikia, na mwingine hukua polepole miaka mingi. Lakini unaowapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 10 ni ule uliosambaa ndani ya sehemu ya katikati ya shina, inaitwa ponsi. Huo seli zake zimejipenyeza katikati ya seli zenye afya. Kuutoa ni kama kutaka kutoa tui kwenye wali ulioiva. Iwe Dar, India au Marekani, huo hautolewi. Kwa hiyo mwambie shemeji kwanza muulize daktari: wa mtoto wetu una mipaka au umesambaa? Kama umesambaa, nyumba isiuzwe kwa ajili ya upasuaji ambao haupo.

Na waulizeni pia wamejiridhisha vipi kwamba si kifua kikuu cha ubongo, maana huku kwetu kipo, kinaweza kuleta uvimbe unaofanana, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Mionzi: kwa aina iliyosambaa ndiyo tiba yenyewe. Kawaida ni vipindi 30, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Watoto wengi hupata nafuu: wanatembea tena, macho yanatulia, wanameza. Lakini sitakudanganya, uvimbe hurudi. Wengi hawafikishi mwaka mmoja na nusu tangu kugunduliwa, na wanaovuka miaka 2 ni karibu 1 kati ya 10. Bila mionzi ni miezi michache tu. Mnachokipata pale ni muda, na muda wenye afya kidogo.

Kaka_Deo
Mi naona mumsikilize bibi. Kuna mzee Korogwe anatibu vichwa, wengi wamepona kwake.

Nesi_Mstaafu
@Kaka_Deo waliopona walikuwa na MRI inayoonyesha uvimbe kwenye ponsi? Tusipotezeane wakati.

MamaPongwe
Mjomba, mwanangu wa kiume alikuwa na huo huo uliosambaa. Alitangulia. Nakuandikia niliyoyaona Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar wanakopigia mionzi, ili mama yake asishtuke.

Kabla ya kuanza wanamtengenezea kinyago cha plastiki kinachofinyangwa usoni kikiwa na joto, kikipoa kinafungwa kwenye meza asitikisike. Mionzi yenyewe ni dakika chache, haiumi, ila mama unatolewa nje na mlango mzito unafungwa. Wadogo wasiotulia wanapewa usingizi. Wangu tulimzoesha kwa kumfunika kanga usoni na kumhesabia, ikawa mchezo.

Watampa dawa ya deksamethasoni kupunguza ubongo kufura kuuzunguka uvimbe. Hapo jiandaeni: njaa saa nane za usiku, uso unajaa, hasira zisizo na sababu. Si tabia, ni dawa. Na msiikatishe ghafla hata mkiona amepata nafuu, hupunguzwa kidogo kidogo.

Kumeza: maji matupu ndiyo yanayopalia zaidi. Mpeni uji mzito, ndizi iliyopondwa, akae wima, kidevu kikishuka kidogo, kijiko kidogo kidogo. Akianza kutapika asubuhi, kichwa kinauma sana au anasinzia kupita kiasi, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo, huenda maji yamejaa kichwani, na hayo wanaweza kuyapunguza kwa mrija.

Gharama: Muhimbili watoto wenye saratani wanatibiwa bila malipo kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha. Muonane na ustawi wa jamii mapema, msingoje bili ije. Kilichotumaliza sisi ni nauli na chakula.

Mbongo_Ughaibuni
Kuna dawa mpya, dordaviprone. Marekani waliiruhusu Agosti 2025 kwa wagonjwa wa aina hii wenye badiliko la jeni linaloitwa H3 K27M. Msikate tamaa.

Nesi_Mstaafu
Ni kweli, ila iliruhusiwa kwa ambao ugonjwa umeendelea baada ya tiba ya kwanza, na lazima hilo badiliko lithibitishwe kwenye kinyama kilichonyofolewa kwenye uvimbe. Inawasaidia baadhi, haijawa ponyo. Uliza, lakini mionzi isisubiri dawa hiyo.

Mjomba_Makorora
Asanteni sana. Nimemsomea shemeji, amenyamaza, ila suala la nyumba amelishusha. Bado bibi. Na akirudi Tanga baada ya mionzi, hali ikibadilika tunakwenda wapi?

MamaPongwe
Bibi usigombane naye, mjomba. Dua haigombani na mionzi, akamsomee hata kila usiku. Mwambie jambo moja tu: asimnyweshe kitu, kwa sababu koo halifungi vizuri na kombe litaingia kwenye mapafu. Mpe kazi ya uji. Wangu alikula kwa mama mkwe tu.

Kwa huku kwetu, tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na kumpa mgonjwa nafuu, ipo Muheza, hospitali ya Teule. Nendeni mapema, msingoje azidiwe. Wanajua dozi ya mofini ya maji kwa mtoto na wanawafundisha nyumbani.

Fundi_Chuda
Nyongeza: daini CD ya MRI pamoja na ripoti, mtembee nayo. Sisi tulikuwa na karatasi peke yake, tukaambiwa tupige upya. Na basi la Dar chukueni la alfajiri, mtoto akae siti ya mbele, kule nyuma matuta ya barabarani yatamtapisha.

Mjomba_Makorora
Tunaondoka Jumapili. Nitaleta mrejesho.