Eti laptopu yangu "iliwahi kuwa na hadidiski"? Fundi huyu ataniua!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie.

Yule fundi mnamjua. Yule wa ghorofani juu ya duka la vitenge, mwenye bango la "Kompyuta, Simu na Ushauri". Nimetoka kwake sasa hivi.

Steshenari yangu inaendeshwa na skana ya enzi za Nuhu, draiva zake (programu za kuiendesha) zinaelewana na Windows XP tu. Najua Microsoft waliitelekeza XP Aprili 2014, msinianze. Nikampelekea laptopu: mkuu, toa Windows 7, nipigie XP. Akatumbukiza sidii. Skrini ya bluu ikasoma weee, mwisho ikadai haijaona hadidiski yoyote. Jamaa akageuka, duka limejaa, akaniuliza kwa sauti ya mpiga debe: "Una uhakika hii mashine iliwahi kuwa na hadidiski?"

ILIWAHI KUWA NA! Nimeileta inawaka! Asubuhi nimechapia watu barua humo humo! Picha za harusi yangu zinakaa wapi, kwenye chaja?

Watu wakacheka. Mama mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Hakulegeza hata skrubu moja, hakuigusa BIOS (ile mipangilio ya mashine unayoingia kabla Windows haijawaka), akanitajia bei ya diski mpya. "Iliwahi kuwa na." Kwenye daladala nimeirudia peke yangu mpaka abiria wa pembeni akahama siti.

Nawahi Siti: Nimewahi. Karanga ninazo.

Kiwembe Butu: Huyo huyo aliniambia kibodi yangu ina malaria. Nikalipia dozi.

Mzee wa Flopi: Pole mkuu, diski yako ni nzima. Sidii ya XP, hata yenye SP3 (toleo lake lenye marekebisho ya tatu), haina draiva za AHCI, yaani mtindo mpya wa mashine kuongea na diski za SATA, kwa hiyo diski ya SATA iko mbele yake na haioni. Mwanzoni inakuambia ubonyeze F6 uilishe draiva kwa flopi. Flopi! Sasa wewe ingia BIOS, kwenye SATA toa AHCI weka IDE, mtindo wa zamani ambao XP inauelewa. Kama chaguo hilo halipo, ichanganye draiva ya AHCI ya chipuseti yako (chipu za ubao mkuu) ndani ya sidii kwa programu ya nLite, uichome upya. Ukishapiga XP kwa IDE usirudishe AHCI kienyeji, utakula skrini ya bluu ya kosa 0x0000007B, Windows haiwaki. Na hamisha hizo picha za harusi kwanza.

Mleta uzi: Asante mzee. Lakini umesoma alichoniuliza? ILIWAHI KUWA NA!

Bwana Lawama: XP mwaka huu? Fundi alikuwa anakuuliza kistaarabu kama uliwahi kuwa na akili.

Mama Pacha: Afadhali wewe umeulizwa. Fundi cherehani wangu kakaa na kitambaa cha sendofu wiki sita. Jana nimemwona mkewe kakivaa.

Kiwembe Butu: Kile cha kijani? Nilimwona! Kilimkaa vizuri.

Mama Pacha: KILIMKAA VIZURI?

Mleta uzi: Jamani, nimeingia BIOS, hiyo IDE iko ukurasa gani?

Nawahi Siti: Mkuu subiri kidogo, tuko kwenye kitambaa. Mama Pacha, alikiweka na lemba?