Tupeane uzoefu: mashine ya mabango inapogoma kutoa wino

FundiGerezani
Wakuu, mabango ya Sabasaba yakikaribia, Kariakoo nzima huwa kilio cha hedi, kile kichwa cha mashine kinachorusha wino. Mtu akiona mstari mweupe kwenye bango anakimbilia klini, yaani kuiamuru mashine isafishe hedi. Mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Wino unajaa kwenye chupa ya uchafu na mstari uko palepale.

Kabla hujagusa chochote, chapa testi ya nozeli, vile vitundu vya hedi vinavyotoa wino, mara tatu mfululizo bila kusafisha katikati, kisha panga karatasi ulinganishe. Mapengo yakiwa palepale kwenye zote tatu, vitundu vimeziba, wino umekaukia ndani ya hedi. Mapengo yakihama, hapa yapo na karatasi inayofuata yako kwingine, hedi haina kosa. Ni hewa, au wino haufiki vizuri. Testi ikiwa safi lakini rangi nzito inafifia bango likifika nusu mita, tafuta kwenye njia ya wino: tangi, kichujio, mpira wa kupitishia wino, dampa (kile kijifuko cha wino kinachokaa juu ya hedi). Hayo ni magonjwa matatu na watu wanayapa dawa moja.

Tupeane uzoefu. Habari za maisha tuziache, tuseme mashine.

NjanoTupu
Karatasi tatu. Naunga mkono, uzi ungeweza kufungwa hapo.

DadaStika
Usifungwe kwanza. Kwenye kufifia, watu wananunua dampa kumbe ni mfuniko. Tangi la wino lina kitundu cha kupumulia juu. Mtu anaogopa vumbi anakiziba kwa selotepu, au anakaza mfuniko mpaka mwisho. Wino unatoka, hewa haiingii, tangi linaanza kuuvuta wino nyuma. Mita ya kwanza inatoka vizuri, ya pili imepauka, ukipumzisha mashine rangi inarudi yenyewe. Legeza mfuniko: ukisikia "fyuu" umeshapata jibu bila kutumia shilingi.

Ikiwa si hilo, pima kwa sirinji ya ml 20. Toa kile kijiti cha kusukumia, chomeka sirinji kwenye kipande cha mpira kinachoingia kwenye dampa, ijaze wino wa rangi hiyohiyo, ifunge kwenye behewa, ile sehemu inayobeba hedi kwenda na kurudi, usawa wa dampa. Usiipandishe juu sana, uzito wa wino utausukuma na hedi itadondosha. Chapa rangi nzito asilimia 100 kwa mita moja. Ikitoka sawa, ubovu uko nyuma: mpira umebanwa kwenye mnyororo unaobeba mipira na nyaya, hasa pale unapojikunja, au kichujio kimejaa tope. Ikififia vilevile, ni dampa, au mlango wa hedi yenyewe.

KepuKavu
Naomba kuuliza. Mashine ya upana wa mita 1.8, hedi XP600. Jioni testi safi kabisa. Asubuhi nyeusi yote haipo, rangi nyingine zimesimama. Klini mbili inarudi, mchana kutwa haina shida. Kesho yake tena. Hiyo nayo ni mfuniko?

MzeeWaDampa
Hapana kijana. Rangi moja ikitoroka usiku na nyingine zimebaki, hewa inaingilia kwenye njia ya rangi hiyo. Wino unarudi kwenye tangi polepole usiku kucha. Tazama o-ringi, kile kipete cha mpira cha kuziba, ya pale mpira unapoungana na dampa, kisha mdomo wa dampa unapokaa kwenye hedi. Zingetoroka zote kwa pamoja ningekwambia kepu, kile kifuniko cha mpira ambacho hedi inapumzikia.

Na kwa kuwa kepu imetajwa, tuiseme, maana nusu ya hedi zinazotupwa mjini hapa ni nzima, kepu ndiyo mbovu. Klini ni mfyonzo: kepu inabana hedi, pampu inavuta. Kepu isipobana, pampu inavuta hewa ya chumbani na wino hautoki tone. Unabonyeza klini mara ishirini, hujasafisha kitu.

Pima hivi. Sogeza hedi pembeni, jaza kepu kwa dawa ya kusafishia hedi mpaka ukingoni, subiri dakika tano. Ikishuka yenyewe, mpira wa pampu umechoka, haubani tena. Ikibaki, washa pampu: inatakiwa ikauke ndani ya sekunde chache, na uone dawa ikitoka kule kwenye chupa ya uchafu. Isipokauka, ama bomba limeziba kwa wino mgumu ama pampu imekufa. Ikikauka vizuri lakini klini bado haileti wino, kosa liko kwenye mdomo wa kepu: umepinda, umevimba kwa kemikali, au una unyuzi wa kitambaa. Unyuzi mmoja tu unatosha. Paka wino kidogo kwenye mdomo wa kepu, bana hedi, achia, kisha tazama alama chini ya hedi kwa kioo. Inatakiwa iwe mstari mmoja usiokatika. Palipokatika ndipo hewa inapoingilia.

SinzaFleksi
Mzee umetema madini.

BangoTano
Mnazunguka sana. Vitundu vikiziba, mimina thina kwenye kepu, shusha hedi, lala. Asubuhi inachapa kama mpya.

MzeeWaDampa
Thina ipi? Ya rangi ya magari?

BangoTano
Ya dukani. Watu wanatumia miaka yote.

DadaStika
Na miaka yote wananunua hedi. Hedi hizi za Epson zimeunganishwa kwa gundi ndani, tabaka juu ya tabaka. Thina kali haichagui kati ya wino mkavu na gundi. Kwanza inazibua kweli, ndiyo maana mnaisifia, halafu baada ya wiki chache njano inaanza kutoka kijani kwa kuwa kuta za ndani zimeachia. Tumia dawa ya aina ya wino wako. Wino wa eko-solventi kwa dawa ya eko-solventi. Maji usisogeze kabisa, wino unaganda kama maziwa yaliyokatika.

BangoTano
Haya madaktari. Na kulowesha usiku kucha je, nako dhambi?

FundiGerezani
Kwa dawa sahihi, saa moja mpaka mbili inatosha kwa kuziba kwa kawaida. Usiku kucha ni kwa hedi ambayo ungeitupa hata hivyo.

SinzaFleksi
Hapo tunatofautiana mkuu. Dawa laini ukiiacha usiku haina madhara, mradi kepu haijajaa mpaka ikagusa uso wa hedi. Ikigusa, rangi zinavutana kupitia vitundu, asubuhi unakuta njano ni uchafu. Jaza robo tatu tu.

FundiGerezani
Isipogusa hedi inalowesha nini sasa?

SinzaFleksi
Mvuke wake.

FundiGerezani
Mvuke hauzibui kitu. Mvuke unazuia kisikauke zaidi. Kuzibua lazima dawa iguse, ndiyo maana nasema saa mbili na unaikagua.

NjanoTupu
Wengine mtaani wanasafishia gongo. Inazibua koo.

MikonoMyeusi
Hayo ya kuzibua yamenikumbusha kitu ambacho hakuna aliyekigusa, na ndicho kinachoua mashine kwa dakika moja. Nakieleza kama kinavyotokea.

Saa nne usiku. Bango la mita 6 kwa 3 limefika nusu, majenta imekata. Fundi anazima mashine kwa kitufe cha mbele, swichi ya ukutani haiguswi. Anachomoa dampa, anachomeka sirinji ya dawa kwenye mlango wa hedi, anasukuma kwa nguvu. Mpira haukukaza. Unafyatuka. Matone mawili matatu yanateremka ubavuni mwa hedi, yanaufuata waya wa utepe, ule mweupe bapa, yanaingia kwenye soketi yake. Huyaoni. Kwa juu pakavu. Anarudisha dampa, anawasha.

Ndani ya utepe ule nyaya zimelala bega kwa bega, nafasi kati yake haifiki milimita moja. Nyingine zinapitisha data kwa volti ndogo, nyingine zinapitisha umeme wa kusukuma vitundu. Dawa iliyochanganyika na wino inaziunganisha. Behewa linashtuka mara moja, inakuja harufu ya plastiki iliyoungua, basi. Hedi imekufa, na kwenye bodi transista zinazoilisha zimeshoti.

Msiba haujaisha. Asubuhi inanunuliwa hedi mpya inachomekwa kwenye bodi ileile. Bodi yenye shoti inaiua nayo ndani ya sekunde. Hedi mbili na bodi moja, kwa matone matatu ya dawa.

KepuKavu
Mungu wangu. Nilikuwa na sirinji mkononi.

BangoTano
Mashine ya nani hiyo? Maana umeieleza kama ulikuwepo.

MikonoMyeusi
Tumekubaliana habari za maisha tuziache.

NjanoTupu
Ni yake.

SinzaFleksi
Mkuu, sasa anayetaka kusukuma dawa afanyeje?

MikonoMyeusi
Zima, chomoa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu ili umeme uliobaki kwenye bodi uishe. Chomoa utepe kwenye hedi, funika soketi kwa kipande cha nailoni na selotepu. Ndipo utoe dampa. Kipande cha mpira kiingie kwa kukaza, sirinji iwe na ml 10 tu, dawa vuguvugu isiyounguza kidole. Sukuma polepole mpaka uone nyuzi za dawa zikishuka zimenyooka chini ya hedi. Ukihisi inagoma, acha, loweka, rudia. Nguvu inapasua ndani. Bora kusukuma kidogo na kuvuta kidogo, uchafu ulioingia kwa juu utokee juu, maana mwingi ni mkubwa kuliko kitundu, hautapita chini hata uusukume vipi.

Ukimaliza, kausha, mulika soketi kwa tochi ya simu, kagua pini zote za utepe. Pini iliyoingia doa jeusi, badilisha utepe, bei yake huwezi kuilinganisha na ya hedi. Uingize umenyooka; ukiingia upande unaleta shoti ileile bila tone la maji. Na kama hedi imeshakufa, usichomeke mpya kabla bodi haijapimwa fyuzi na transista kwa mita ya umeme.

DadaStika
Hii iandikwe ukutani.

BangoTano
Ndiyo maana natumia XP600. Ikifa, inakufa ya bei nafuu.

MzeeWaDampa
XP600 ina mistari 6 ya vitundu 180, jumla 1080. DX5, hedi nyingine ya Epson, ina mistari 8, jumla 1440. Nafuu yake utailipa kwa kuzibadilisha. Ila leo si siku ya ligi ya hedi.

MtaaWaSolventi
Mmesahau sisi wa mashine za mita 3.2 wenye hedi za Konica. Kwetu pampu haivuti kwa kepu, tunasukuma kwa upepo kutoka juu. Ugonjwa wetu ni tangi dogo la kwenye behewa na lile boya lake. Boya likinata, ama tangi linakauka na hedi inameza hewa, ama linajaa mpaka wino unapanda kwenye mpira wa hewa hasi, ule mvuto mdogo unaozuia wino usidondoke, na ukifika kwenye pampu ya upepo umeiua. Hedi ikidondosha wino yenyewe, hewa hasi ni dhaifu. Ikipoteza vitundu pembeni bila sababu, hewa hasi ni kali, inavuta hewa kupitia vitundu. Rekebisha kidogo kidogo, subiri dakika kumi, ndipo upime tena.

SinzaFleksi
Na kuchanganya wino wa makampuni mawili? Wa kwanza umekata sokoni.

FundiGerezani
Chukua chupa safi inayoonyesha, changanya nusu kwa nusu, iache saa 24. Iinamishe utazame ukutani mwa chupa. Ukiona chembe au nyuzinyuzi, ndizo zitakazoziba kichujio cha dampa. Hata ikiwa safi, mimi napendelea kumaliza wa zamani na kuosha njia kwa dawa. Na tikisa chupa kabla ya kumimina, wino huu ni wa unga, unakaa chini. Mweupe ndio usiseme, huo ukiuacha siku mbili umeshalala.

DadaStika
Umeme nao. Ukikatika bango likiwa katikati, hedi inabaki wazi kwenye joto la hita. Mashine ambazo kepu inapanda kwa kusukumwa na behewa, sogeza behewa kwa mkono mpaka mwisho. Zile ambazo kepu inapandishwa na mota, kusogeza hakusaidii, kepu iko chini. Weka sponji laini isiyotoa nyuzi, ilowe dawa, iguse uso wa hedi. Si tishu. Na feni isielekezwe kwenye behewa, hata Dar hii ya joto.

NjanoTupu
Kuna anayekuja na "mistari myeupe" halafu testi yake nzima. Mistari ikiwa na nafasi sawa bango zima, ni hatua ya mashine kuvuta turubai la bango, si wino. Rekebisha kwenye programu, hedi iache.

KepuKavu
Wakuu nimefungua. O-ringi ya nyeusi imekatika upande mmoja, kama imekandamizwa. Dampa ina hewa zaidi ya nusu.

MzeeWaDampa
Nati ilikazwa kwa koleo hiyo. Badilisha o-ringi za rangi zote, si nyeusi peke yake, zina umri mmoja. Dampa ijaze kabla hujaipachika: sirinji kwenye mdomo wa chini, vuta taratibu mpaka ifike robo tatu, gonga kwa kidole viputo vya hewa vipande juu.

KepuKavu
Nati nikaze kiasi gani?

MzeeWaDampa
Vidole. Ikigoma kuzunguka, robo mzunguko tena, basi.

BangoTano
Na thina kidogo kwenye uzi wa nati?

DadaStika
Mtoeni huyu.