Mchoro unaweza kuwa uthibitisho au ni pambo tu?

Mstari_Mmoja: Wakuu, duara za Venn (zile duara zinazopishana kuonyesha makundi ya vitu) tunafundishwa kama kisaidizi, eti uthibitisho wa kweli lazima uwe maandishi. Mi sikubali. Mwanafalsafa Sun-Joo Shin mwaka 1994 alionyesha ukiiwekea michoro ya Venn kanuni za kuchora haikupeleki kwenye uongo, na kila hitimisho halali la mfumo huo unalifikia kwa kuchora tu. Sasa kinakosekana nini?

Hoja_Kavu: Uhakika. Kuna ule uthibitisho maarufu kwamba kila pembetatu ina pande mbili sawa, kosa lote ni nukta imechorwa ndani wakati inatakiwa iwe nje. Na tuseme ukweli, watetezi wa michoro wengi ni watu waliokimbia aljebra.

Mstari_Mmoja: Nani kakimbia aljebra? Unanijua? Jibu Shin kwanza.

Bibi_Mantiki: Jamani taratibu. Hata Euclid, yule Mgiriki wa kale wa jiometri, hoja ya kwanza kabisa kitabu cha kwanza, anachora duara mbili na kusema zinakatana, wakati hakuna kanuni yake inayolazimisha zikatane, kaliona kwenye picha.

Hoja_Kavu: Si ndo nachosema!

Mstari_Mmoja: Kwani maandishi hayadanganyi? Mwanahisabati Kempe 1879 alitoa uthibitisho kwamba rangi nne zinatosha ramani yoyote bila nchi jirani kufanana rangi, wasomi wakapokea, mpaka 1890 mwenzake Heawood akaonyesha tobo kwenye hoja.

Hoja_Kavu: Ramani! Umeleta mchoro kutetea mchoro.

Mstari_Mmoja: Hoja yake iliandikwa kwa sentensi, kasome kabla ya kucheka watu.

Nusu_Kwa_Nusu: Mi hapo ndo nimenasa. Rangi nne kweli zinatosha, wanahisabati Appel na Haken walimaliza 1976 kwa kompyuta. Kwa hiyo ile miaka 11 watu waliamini jambo la kweli, na sababu walikuwa nayo. Walikuwa wanajua au hawajui? Mwanafalsafa Gettier 1963 alisema imani ya kweli yenye sababu haitoshi kuitwa ujuzi, na huu ni mfano hai kuliko ya kwake.

Bibi_Mantiki: Hawakujua, walibahatisha. Sababu ilikuwa na tobo.

Hoja_Kavu: Na hiyo ya kompyuta nayo nani anaijua? Mipangilio ya ramani zaidi ya elfu moja ya kukagua, nani kazikagua zote kwa mkono?

Nusu_Kwa_Nusu: Kwa hiyo hata baada ya 1976 bado hatujui?

Hoja_Kavu: Tunaamini mashine.

Mstari_Mmoja: Mashine unaiamini, jicho langu hapana. Na ile ya aljebra bado sijaisahau.