Ukoo wa Bi Somoe: safari ya Newala

*Ijumaa*

Swalehe: Shikamooni wakubwa. Kesho natoka Mtwara na IST, mimi na Fatu. Nataka nipitie Masasi nipande mlima. Njia ya Tandahimba haina cha kuona.

Shangazi Zuhura (Newala): Marahaba baba. Yaani uzunguke Mnazi Mmoja ya Lindi hadi Masasi ndiyo uje kwetu? Mafuta anakununulia nani?

Fatu: 😂😂

Mjomba Issa: Marahaba. Mwacheni, hajakosea. Ukitokea Mtwara uwanda wa Makonde unainuka taratibu kuanzia pwani, unafika Newala hujui hata kama umepanda. Na baada ya Mnivata wanajenga lami, utakula vumbi. Ukitokea Masasi ndiyo unakutana na ukuta wenyewe.

Swalehe: Si umeona shangazi

Mjomba Issa: Ngoja kwanza. Kupanda si kazi, kazi kushuka. Mimi nimeshusha korosho mlima ule na lori bovu. Gia uliyopandia ndiyo ushukie.

Swalehe: Mjomba hii otomatiki, haina gia

Mjomba Issa: Nenda kaangalie chini ya D pameandikwa nini.

Swalehe: 2 na L. Tangu ninunue sijazigusa, nilijua ni mapambo

Mjomba Issa: Mapambo!! Hizo ndizo za mlima. Injini ndiyo ishike gari, si mguu wako. Ukikanyaga breki mwanzo mwisho zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, pedeli inazama kama umekanyaga uji. Na usithubutu kuweka nyutro eti unabana mafuta.

Shangazi Zuhura: Kuna mtu wa humu humu aliweka nyutro akaja kusimama kwenye mkorosho wa watu. Simtaji.

Mjomba Issa: _Ujumbe huu umefutwa_

Fatu: Tumeshausoma mjomba 😂

*Jumamosi*

Swalehe: Masasi tumeipita, yale majabali yake tumeyapiga picha. Sasa mlima. Mshale wa joto unapanda

Mjomba Issa: Zima AC. Ukigusa nyekundu simama pembeni, na rejeta usifungue mpaka ipoe, itakuchoma uso.

Fatu: Kazima AC na baridi inaingia yenyewe. Kuna ukungu jamani, huu Julai au nini

Shangazi Zuhura: Nilisema mbebe masweta. Nani alinijibu "kusini kote joto"?

Swalehe: 🙈

Fatu: _Picha 9_
Shimo la Mungu!! Ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu. Chini bonde la Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Swalehe hasogei ukingoni, kashika mti

Swalehe: Nilikuwa naupima

Shangazi Zuhura: Nimemwonyesha Bibi. Kakaa kimya, halafu kasema hivi, naandika kama alivyosema: "Mabonde hayo ndiyo tulikuwa tunashuka na mitungi, kabla bomba halijaja. Huku juu mchanga unakunywa mvua yote, hakuna mto hakuna kijito. Unatoka giza, unarudi jua la utosi, mtungi kichwani na mlima mbele ya pua. Ukijikwaa, maji yamemwagika, unarudi. Picha hatukupiga."

Fatu: Kila siku???

Shangazi Zuhura: Anasema kwani wewe unaoga mara ngapi.

Swalehe: Shikamoo Bibi 🙏 Mimi nimepanda nimekaa kwenye kiti na bado miguu inatetemeka

Mjomba Issa: Na yeye hakuweka nyutro.

Shangazi Zuhura: Kumbe unakumbuka 😂 Haya, Bibi anauliza ng'onda zake mmezifunga vizuri? Wageni wa arusi wameshaanza kuingia na yeye kawaambia samaki wa pwani wako njiani.

Fatu: Swalehe?

Fatu: Swalehe si ulisema utazipitia sokoni alfajiri

Swalehe: Mjomba, Masasi ng'onda zinapatikana?

Mjomba Issa: Zinapatikana. Weka 2, ushuke.